Muwa haumezwi

Jumapili usiku

Wiki ya sita ya muhula inaanza kesho. Mmisionari kijana wa chuoni, awe amejitolea chini ya kapelania (ofisi ya padre mlezi wa chuo) au ni mlezi wa wadogo zake ndani ya TMCS, umoja wa wanafunzi Wakatoliki Tanzania, huiogopa wiki hii kuliko zote. Testi zimeanza, bumu, ile fedha ya mkopo, halijatoka, kwaya inataka mazoezi, na semina ya Jumamosi bado haina mtoa mada. Kinachokatwa kwanza ni zile dakika za kusoma. Misa ukikosa utaulizwa. Usomaji wa kiroho hauna mahudhurio.

Kuacha kusoma si tatizo baya kuliko yote, kwani aliyeacha anajijua. Anayenitia wasiwasi ni yule anayesoma kila siku kwa ajili ya wengine tu. Anafungua Injili kalamu mkononi, anawinda pointi tatu za semina, akizipata anafunga. Ni mpishi wa kantini: ameonja mchuzi tangu asubuhi na analala na njaa. Miezi mitatu ya namna hiyo inatosha mtu kuzungumzia sala vizuri sana bila kusali.

Dawa inayofanya kazi ni ya kitoto: madaftari mawili. La semina linabaki kwenye begi wakati wa sala. La binafsi ndilo linalokaa mezani. Wazo la kufundishia likija katikati, na litakuja, liandikwe kwa neno moja pembezoni, kisha macho yarudi kwenye mstari.

Jumanne, alfajiri

Saa kumi na moja na nusu, chumba cha watu sita. Ukiwasha taa utawaamsha watano, na ukisomea kitandani utalala na Biblia kifuani. Kwa hiyo toka. Ngazi za bweni, korido yenye taa, kanisani kama limefunguliwa; kiti chenye mgongo ndicho bora. Ukitegemea simu, pakua masomo ya siku usiku na uzime data kabisa, maana ujumbe mmoja wa kundi la darasa unatosha kuua Zaburi nzima. Mimi napendelea karatasi.

Biblia nayo ina mtego wake. Union Version inayouzwa kila mahali haina vitabu vya deuterokanoni, vile vya Agano la Kale ambavyo Wakatoliki wanavyo na Waprotestanti hawana. Siku somo la kwanza likitoka Hekima ya Sulemani au Yoshua bin Sira, mwanafunzi anapekua mpaka anadhani kurasa zimechanika. Habari Njema inachapwa kwa namna mbili, yenye vitabu hivyo na isiyo navyo. Kabla ya kulipa, fungua yaliyomo na utafute Tobiti, Yudithi na Wamakabayo.

Sasa lectio yenyewe, yaani kusoma Maandiko kwa sala. Guigo wa Pili, mkuu wa monasteri ya Grande Chartreuse huko Ufaransa katika karne ya 12, aliipanga kama ngazi yenye vidato vinne: kusoma, kutafakari, kusali, taamuli (kutulia kimya mbele ya Mungu). Kwa maelezo yake, kusoma kunakitia chakula kinywani, kutafakari kunakitafuna, sala inapata ladha, na taamuli ndiyo utamu wenyewe. Huku kwetu angesema muwa. Unaumenya, unakata pingili, unatafuna mpaka maji yaishe, makapi unatema. Hakuna anayemeza pingili.

Kwa dakika 25 mgawanyo huu unakaa vizuri: 2 za kutulia, 5 za kusoma kifungu mara tatu (mara moja kwa sauti ya chini), 8 za kutafakari, 5 za kumwambia Mungu ulichokiona, 5 za kunyamaza. Mistari iwe 6 hadi 12. Ikizidi 20 unasoma habari.

Tuchukue Marko 10:46-52, Bartimayo kando ya njia ya Yeriko. Usomaji wa kwanza unakupa hadithi unayoijua tangu katekesi. Wa pili, macho yanaweza kukwama kwenye mstari wa 50: akatupa vazi lake. Kaa hapo. Vazi la mwombaji kipofu ni blanketi lake la usiku, na huenda ndilo alilolitandika kupokea sarafu. Analitupa kabla hajaponywa, na kipofu akitupa kitu kwenye umati hana hakika ya kukiona tena. Usomaji wa tatu unakupeleka kwenye swali la mstari wa 51: “Wataka nikufanyie nini?” Sasa pandisha macho hadi mstari wa 36. Yesu ametoka kuwauliza Yakobo na Yohane swali hilohilo, nao wakaomba viti vya kulia na kushoto. Mitume wanaomba vyeo, kipofu anaomba kuona, na Marko amewaweka karibu hivyo makusudi.

Hapo kiongozi wa kikundi anajisikia kuchukua daftari la semina. Asilichukue. Swali ni lake kwanza: leo, katika kampasi hii, anaomba kiti au macho? Ajibu kwa sentensi moja, hata kama ni ya aibu, na hiyo sentensi ndiyo sala. Kisha achague maneno mawili matatu ya kutembea nayo mchana. “Akatupa vazi” yanatosha mpaka kipindi cha saa kumi.

Jumatano

Siku imevunjika: umeme, foleni ya maji, mwanafunzi mgonjwa wa kupelekwa zahanati. Mtakatifu Teresa wa Avila aliandika kwamba kwa miaka mingi hakuthubutu kuingia kwenye sala bila kitabu, na kwamba mara nyingine kukifungua tu kulitosha. Mistari miwili kwenye benchi la zahanati, basi.

Huko Marekani wamisionari wa FOCUS, shirika lililoanzia Benedictine College, Kansas, mwaka 1998, wanatakiwa kuwa na saa nzima ya sala kila siku pamoja na Misa. Wao hiyo ndiyo kazi yao ya kutwa, na posho yao inatoka kwa wafadhili waliowatafuta wenyewe. Kuiga saa hiyo ukiwa na vipindi tangu saa moja asubuhi ni kujitafutia hatia bure. Dakika 25 za kila siku zinashinda saa moja ya kubahatisha.

Alhamisi, baada ya kuabudu

Kikundi. Hatua saba za kushirikishana Injili, zilizoenezwa na taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini, zinajulikana katika Jumuiya Ndogondogo za Kikristo: kumkaribisha Bwana, kusoma, kuokota maneno, kukaa kimya, kushirikishana, kuangalia jukumu, kusali. Watu 6 hadi 8, si zaidi. Wakifika 12, wanne wataongea na waliobaki watachati.

Hatua ya tatu ndiyo inayochakachuliwa sana. Neno lililookotwa linatajwa kwa sauti mara tatu, na kati ya mara moja na nyingine kimya kifupi. Hakuna maelezo. Mara nyingi wa kwanza anataja neno na kuliunganishia mahubiri ya dakika tano, wa pili anaona naye ahubiri, na hatua ya nne haifikiwi. Kiongozi amkate kwa upole: “Asante, ndugu yetu, tunaomba neno tu.” Kimya cha hatua ya nne kiwe dakika 3 za kutazama saa. Usikadirie, dakika moja ya kimya mbele za watu huonekana kama kumi na kiongozi mwenyewe ndiye anayekatisha kwa wimbo.

Hatua ya sita inarukwa kwa sababu kumeshakuwa usiku. Bila hiyo mmekutana kuongea tu. Jukumu liwe na jina na siku: nani anakwenda kumwona nani, Jumamosi saa ngapi.

Ijumaa

Kitabu kingine nje ya Biblia: kimoja tu kwa wakati mmoja. Kurasa 5 kwa siku zinamaliza kitabu cha kurasa 200 kwa siku 40, yaani Kwaresima moja. Wanaoanzia pagumu huishia njiani. Wasifu wa watakatifu kwanza, kisha mtu kama Fransisko wa Sales, ambaye mwaka 1609 aliwaandikia watu wa familia, askari na mafundi, si wamonaki. Ni yeye aliyeshauri mtu atoke kwenye tafakari kama anayetoka bustanini na maua machache ya kunusa mchana kutwa. Maandishi ya Yohane wa Msalaba yasubiri mlezi wa kiroho. Na hapa niseme wazi: mwanafunzi asiyelala wiki mbili, asiyekula na anayelia bila sababu asiambiwe yuko katika “usiku wa giza” wa kiroho anaouandika Yohane huyo. Apelekwe kwa mshauri wa wanafunzi au daktari, na padre mlezi afuate.

Mwenye wasiwasi uliozidi wa dhambi naye asipewe vitabu vya kutafiti dhamiri. Kila ukurasa utamwongezea orodha. Zaburi zinamfaa zaidi. Akikuta zaburi moja ina namba mbili, 22 na 23 kwa mfano, asishangae: hesabu ya zamani ya Kilatini na ile ya Kiebrania hupishana kwa moja katika sehemu kubwa ya kitabu.

Jumamosi

UE, mitihani ya mwisho wa muhula, zikikaribia, punguza kabla hujaacha. Ratiba ya kufa na kupona ni hii: mstari mmoja wa Injili ya siku, umenakiliwa kwa mkono kwenye kipande cha karatasi, ndani ya kifuniko cha kikokotoo. Usomwe asubuhi, usomwe kabla ya kuingia chumba cha mtihani, kisha karatasi ibaki nje, maana msimamizi hataamini kwamba ni Marko. Daftari la binafsi lipumzike. Kitabu cha kurasa 5 kwa siku nacho kikae rafuni na alama yake palepale ilipo mpaka karatasi ya mwisho ikusanywe.