Kukusanya Noti za Zamani za Burundi Nikiwa Kigoma

Kati ya mwaka 1960 na 1966 noti zilizotumika Burundi zilitolewa na benki tatu zenye majina tofauti, na mara mbili katika kipindi hicho wenye mamlaka walipiga chapa mpya juu ya noti ambazo tayari zilikuwa zimechapishwa. Nakusanya noti za nchi hiyo za vipindi vyote, lakini miaka hiyo sita ndiyo moyo wa mkusanyo wangu, na ndiyo ninayotaka kuieleza hapa kwa kirefu.

Kigoma ni mahali pazuri kwa kazi hii. Faranga za Burundi zimekuwa zikivuka Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi na maboti hadi Kagunga na Kibirizi, na kwa barabara kupitia Manyovu, mikononi mwa wafanyabiashara wa dagaa, mawese na vitenge. Nyingine zilikuja na wakimbizi wa mwaka 1972 na wa mwaka 1993, zikiwa zimekunjwa ndani ya nguo, na baadhi hazikubadilishwa kamwe kwa sababu mwenyewe alitarajia kurudi mapema. Ndiyo maana noti hizi hupatikana hapa katika masanduku ya wazee wa Ujiji na Mwanga, ambapo mtu wa mbali angelazimika kuzinunua mnadani kwa bei kubwa.

Kabla ya mwaka 1960, Ruanda-Urundi, yaani Rwanda na Burundi zikiwa eneo moja chini ya Wabelgiji, haikuwa na fedha yake. Ilitumia faranga ya Kongo ya Wabelgiji, na kuanzia mwaka 1952 noti zilitolewa na benki kuu iliyobeba majina ya maeneo yote mawili, Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi, kwa Kifaransa na Kiholanzi. Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960, mpango huo haukuweza kuendelea, na ikaundwa Banque d'Émission du Rwanda et du Burundi, benki ya kutoa noti za Rwanda na Burundi. Noti za benki hiyo ni nzuri kuliko zote zilizofuata. Kila thamani ina mnyama wake: swala katika faranga 5, kiboko katika 10, mamba katika 20, simba jike katika 50, ng'ombe katika 100, kifaru katika 500 na punda milia katika 1,000. Hazina sura ya mtawala yeyote, jambo linaloeleweka, kwa kuwa zilitumikia nchi mbili zilizokuwa zikielekea njia tofauti: Rwanda ilikuwa imeuondoa ufalme, na Burundi ilibaki na Mwami wake, yaani mfalme, hata baada ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962.

Umoja huo wa fedha ulivunjika, na mwaka 1964 kila nchi ikaanzisha benki yake. Noti mpya hazikuwa tayari, hivyo Burundi ilichukua noti zilezile za wanyama na kuzipiga neno BURUNDI upande wa mbele, huku Rwanda nayo ikizipiga chapa yake. Anayeanza kukusanya mara nyingi hulipita neno hilo bila kulitilia maanani, akidhani ni muhuri wa duka au wa mtu binafsi, ilhali ndilo linaloifanya noti hiyo kuwa adimu na ghali kuliko dada yake isiyo na chapa. Kwa sababu hiyohiyo ndilo linaloghushiwa. Mimi huiangalia noti ya namna hiyo kwa kioo cha kukuzia kwenye mwanga wa jua la asubuhi, na nikiona wino wa chapa umeingia ndani ya mikunjo iliyochubuka, yaani neno lilipigwa baada ya karatasi kuchakaa, siinunui.

Kisha ikaja Banque du Royaume du Burundi, benki ya ufalme, yenye noti zilizobuniwa kwa ajili ya Burundi peke yake, na zile za faranga 500 na 1,000 zikiwa na picha ya Mwami Mwambutsa IV, aliyekuwa kwenye kiti cha ufalme tangu mwaka 1915. Haikudumu. Mwezi Julai 1966 mwanawe alimwondoa madarakani na kutawala kwa jina la Ntare V, na tarehe 28 Novemba mwaka huohuo waziri mkuu Michel Micombero akaupindua ufalme wenyewe na kutangaza jamhuri. Hapo ikapigwa chapa ya pili: maneno ya ufalme yakafutwa kwa mistari ya wino mweusi, na mahali pake yakaandikwa ya jamhuri, kwa Kifaransa na kwa Kirundi. Picha ya Mwami haikuguswa. Mtu aliyeshika noti ya faranga 1,000 wakati huo alishika sura ya mfalme aliyekuwa uhamishoni, chini ya jina la jamhuri iliyoufuta ufalme wake. Sijaona hati ya serikali inayoeleza mwaka ule kwa ukamilifu zaidi ya karatasi hiyo.

Noti za Burundi zina sifa nyingine ninayoithamini sana, nayo ni kwamba huchapishwa tarehe kamili, yaani siku, mwezi na mwaka, ilhali noti nyingi za Tanzania hazina tarehe hata kidogo. Mkusanyaji anaweza kuipanga kila noti dhidi ya matukio ya nchi, pamoja na saini za magavana, akajua ni ya utawala upi. Prince Louis Rwagasore, mwana wa Mwambutsa na mpigania uhuru aliyeuawa tarehe 13 Oktoba 1961, alibaki kwenye faranga 100 za jamhuri kwa miaka mingi, na mwaka 2004 akawekwa pamoja na Melchior Ndadaye, rais aliyeuawa Oktoba 1993, kwenye noti ya faranga 10,000. Noti hizi za baadaye zinapatikana kwa urahisi na sitazieleza zaidi, isipokuwa ile ya faranga 50 yenye wavuvi na mtumbwi, ambayo kila mtu wa Kigoma huipenda anapoiona.

Wakusanyaji wengi hutafuta noti safi isiyo na mkunjo, na bei hufuata usafi huo. Kwa noti zinazopatikana huku kwetu, naona kipimo hicho kinatupotezea mengi. Noti iliyolainika kwa kushikwa, yenye harufu ya mawese na hesabu ya dagaa iliyoandikwa kwa penseli pembeni, imebeba safari ya ziwani ambayo noti safi haina, na kuifutia maandishi hayo ni kuiharibu. Usiifue, usiipige pasi, wala usiipeleke kwenye duka la fotokopi ikagandishiwe plastiki kwa joto, kwa maana haitatoka tena. Mifuko laini ya PVC nayo hutoa kemikali inayoharibu karatasi. Ya poliesta ni salama, na wakati wa mvua sanduku liwe mbali na ukuta wenye unyevu.

Lililo muhimu zaidi ni daftari. Ninapopokea noti kwa mzee, namwomba anieleze aliipata wapi na alivuka mwaka gani, kisha naandika siku hiyohiyo, bila jina lake ikiwa hataki. Mwezi Mei 2023 benki kuu ya Burundi iliondoa kwa ghafla noti za faranga 5,000 na 10,000 za mwaka 2018, ikatoa muda mfupi wa kuzirudisha, na zilizobaki upande huu wa mpaka sasa ni karatasi zisizonunua kitu. Anayetaka kuanza aanze na hizo, akiwauliza wafanyabiashara wa Kibirizi na Manyovu wakati wangali wanakumbuka siku tangazo lilipowafikia.