Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi wa Gokati, Nakuru

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nafungua geti la karakana yangu ya gokati, vigari vidogo vya mbio vya dereva mmoja, Industrial Area, Nakuru. Kitu cha kwanza kushika ni geji ya upepo, kabla jua halijapiga mabati, kwa sababu upepo wa tairi hupimwa tairi likiwa baridi. Gokati ya mbio ya mtu mzima huvaa tairi 10x4.50-5 mbele na 11x7.10-5 nyuma, na kwa tairi laini naanzia psi (kipimo cha upepo) 11 au 12. Zikipishana psi 2 tu, dereva atarudi akilalamikia injini. Malalamiko karibu yote huanzia kwenye injini, na mara nyingi ugonjwa uko kwingine kabisa.

Wapita njia huniuliza kama natengeneza vigari vya watoto. Gokati yenye injini ya Rotax Max ya cc 125 hutoa nguvu farasi 30 hivi, na ukijumlisha dereva uzito wote ni kama kilo 160. Haina springi, haina shoki, haina difu, haina mkanda wa usalama. Dereva amekaa sentimita chache kutoka kwenye lami. Weka sproketi (gurudumu la meno linaloshika cheni) ya meno 12 mbele na 82 nyuma, injini ifike mizunguko 13,000 kwa dakika, na hesabu itakupa kilomita 100 kwa saa. Mashine hii watu wazima wanainunua kwa akiba zao, wanaibeba kwa pikapu, na wanaitafutia lami wikendi. Wanastahili fundi anayepima, si anayekisia.

Saa moja hadi saa tatu ni huduma ya kawaida kwa gokati mbili za Honda GX200: oili lita 0.6, nafasi ya valvu milimita 0.15 za kuingiza na 0.20 za kutoa moshi, mwanya wa plagi milimita 0.7 hadi 0.8, kisha cheni na breki. Hizi ndizo injini za kuanzia nazo, na hakuna aibu ndani yake. Gokati ya kwanza kabisa, aliyoiunda Art Ingels kule California mwaka 1956, ilisukumwa na injini ya aina ya mashine za kukatia nyasi.

Saa tatu simu inaingia. Ni kijana wa Njoro, anataka nimtolee gavana, kifaa kinachozuia injini isizidi kasi yake, kwenye GX200 yake ili ikimbie. Jibu langu halibadiliki: gavana ikitoka, vitu vingine vitatu lazima vibadilishwe kwanza. Injini hiyo imetengenezwa ifanye kazi kwenye mizunguko 3,600. Ukiifungulia, fimbo ya pistoni ya kiwandani inaweza kukatika na kutoboa bloku, na flaiwili (gurudumu zito linalozunguka na injini) ya chuma cha kumimina inaweza kupasuka vipande. Flaiwili iko karibu sana na mgongo wa dereva. Kwa hiyo ni flaiwili ya kuchongwa na fimbo imara kwanza, halafu springi za valvu, ndipo tuzungumze gavana. Kijana anasema atafikiria. Nampa bei bila kuipunguza, maana ikishuka itashuka kwa kuacha kitu ambacho hakipaswi kuachwa.

Saa tatu na nusu boda boda analeta kifurushi cha cheni kutoka Nairobi. Nafungua: cheni ya 428, ya pikipiki. Niliagiza 219. Hatua ya 428 ni milimita 12.7 kutoka pini hadi pini. Ya 219 haifiki hata 8. Haikai kwenye sproketi hata ukiipiga nyundo. Napiga simu dukani, naambiwa "lakini hii ndiyo ngumu zaidi, fundi." Tunakubaliana iliyo sahihi iletwe na matatu ya saa sita, nami nairudisha hii kwa gari hilohilo. Cheni yenyewe ni ya mteja ambaye wakati huo tayari anashuka Salgaa.

Anafika saa nne kasoro, kutoka Kisumu, gokati ya Rotax ikiwa imefungwa kwa kamba nyuma ya pikapu. Ameinunua kwa mtu aliyeileta kutoka Uingereza. Hajazima hata gari: "Fundi, hii kitu haina nguvu. Fungua tu kabureta ipige, saa saba nataka kuwa barabarani."

Namwambia, "Karibu mkubwa, tuishushe kwanza."

Naanza na mafuta. Nauliza amechanganya vipi, anasema ametumia oili ya msumeno wa kukatia miti, amekadiria kwa kifuniko cha chupa. Rotax inataka oili ya sintetiki ya injini za mipigo miwili kwa kipimo cha 1 kwa 50, yaani mililita 20 kwa kila lita ya petroli, mililita 100 kwa mtungi wa lita 5. Napima kwa bomba la sindano. Ikizidi, injini inavuta moshi na plagi inalowa. Ikipungua, pistoni inakwama kwenye silinda na hapo hakuna tena mazungumzo ya kabureta. Natoa plagi: nyeusi, imelowa. Tangi lote linamwagwa kwenye mtungi wa taka.

Anaangalia saa.

Napima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Geji inasoma chini kuliko takwimu alizotumiwa na muuzaji, na hapo anapandisha sauti kwamba ameuziwa injini iliyokufa. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano, na geji ya kompresheni husoma chini kwa kiasi kama hicho hata injini ikiwa mpya. Honda wenyewe wameandika katika kitabu chao kwamba nguvu hupungua kama asilimia 3.5 kwa kila mita 300 unazopanda, hata kabureta ikirekebishwa. Pistoni nzuri nyingi zimetupwa huku juu kwa kusomwa na geji peke yake. Naangalia sili ya injini, muhuri unaoonyesha kama imewahi kufunguliwa: ipo, haijaguswa, na namba yake inalingana na kitabu cha injini. Hilo ni jambo la kwanza la kuuliza unaponunua Rotax ya mtumba. Omba picha ya sili, picha ya kitabu chenye saa ilizofanya kazi, na picha ya gokati ikiwa imelazwa ubavu ili uone tumbo lake. Muuzaji akikataa kupiga picha ya tumbo, usitume pesa.

Kwa sababu tumboni ndiko kuna habari. Fremu ya gokati ndiyo springi yake. Mabomba ya kipenyo cha milimita 30 au 32, ukuta wa milimita 2 hivi, chuma cha kromoli, hujipinda kidogo kwenye kona. Gokati haina difu, kwa hiyo magurudumu mawili ya nyuma yanazunguka pamoja kwenye ekseli moja. Ili igeuke, gurudumu la nyuma la ndani lazima linyanyuke. Pembe ya magurudumu ya mbele inalisukuma juu unapokata usukani, fremu inajipinda, gurudumu linaelea, gokati inageuka. Fremu ikikataa kujipinda, gurudumu halinyanyuki, mbele inateleza nje, na injini inaburuta tairi kwenye kila kona. Dereva anahisi hilo kama ukosefu wa nguvu.

Namwonyesha kwa tochi. Karibu na mhimili wa kiti upande wa kushoto kuna kiraka kinene kilichochomelewa kwa welding ya kawaida juu ya ufa. Bomba lenyewe limesagika bapa chini kwa kuburuzwa kwenye lami. Anasema muuzaji alimwambia hiyo ni "kuimarisha." Kuimarisha ndiko kulikoiharibu. Ufa kwenye kromoli unasafishwa, unachomelewa kwa TIG, welding ya gesi na umeme, kwa moto mdogo, bila bamba la ziada. Kuliondoa bamba na kurudishia bomba ni kazi ya siku mbili, si ya leo. Namwambia hivyo wazi. Anampigia rafiki yake Nairobi, anamweka kwenye spika, na rafiki, ambaye hajaiona gokati, anasema shida ni plagi.

Naendelea na ekseli. Naizungusha kwa mkono, geji ya mshale imegusa katikati: inayumba karibu milimita 2. Ekseli ya milimita 50 ni bomba tupu; gonga ukingo mara moja tu, inapinda. Kwenye beringi tatu, ekseli iliyopinda ni breki inayofanya kazi muda wote. Kutoa ni kulegeza skrubu za habu (vishikizi vya magurudumu) na za beringi, kuweka alama ya kila kitu mahali kilipokaa, kisha nyundo ya mbao, kamwe si ya chuma. Nina ekseli iliyonyooka ya mtumba. Tunaiingiza, tunarudisha upana wa nyuma kwenye milimita 1,390, ndani ya kikomo cha 1,400. Kijana ninayemfundisha anapanga sproketi mbili kwa rula ndefu mpaka zote ziguse bila mwanga kupita. Mambo haya tunayafanya mteja akiwa amesimama juu ya vichwa vyetu akiuliza kama bado.

Saa saba imeshapita. Tumekula chapati maharage tumesimama.

Kwenye breki kuna swali moja ambalo watu hawaulizi: kimiminika gani? Mifumo mingine ni DOT 4, mingine oili ya madini, na ukichanganya, mipira ya ndani inavimba na pedali inashuka mpaka sakafuni. Soma kifuniko. Hapa kimeandikwa DOT 4. Tunatoa hewa, tunahakikisha waya wa akiba wa pedali upo na haujakatika. Kiti chake kinabana nyonga kama inavyotakiwa, lakini hana kinga ya mbavu, na bila mkanda mwili wote unabebwa na kuta za kiti. Mbavu huumia kabla ya kitu kingine. Halafu skafu aliyovaa shingoni: namwomba aiache kwenye pikapu. Ekseli iko nyuma yako ikizunguka wazi, na kitambaa kikishikwa nayo hakuna mkono wa kukiokoa.

Matatu yenye cheni inachelewa kwa mvua. Mvua yenyewe inafika kwetu kabla yake, ile ya alasiri inayoteremka kutoka Menengai, na kiwanja cha lami upande wa Lanet tunachokodi kwa saa kinageuka dimbwi. Tunasubiri. Mteja anasema angekwenda Nairobi tu, GP Karting, akodi gokati yao na kumaliza. Kwa mtu asiye na hakika kama mchezo huu ni wake, hilo ni shauri zuri kweli, na nimelitoa mara nyingi: kodi kwanza, uone kama mikono na mbavu zinakubali, ndipo ununue. Yeye ameshanunua.

Cheni inafika, tunaikata kwa urefu, tunaiacha icheze kama milimita 12 katikati. Jua linarudi. Lanet tunafika saa kumi na moja hivi, lami ikiwa imekauka katikati na kulowa pembeni.

Kazi ya kabureta, aliyoiomba asubuhi, inaanza sasa, na inachukua sehemu ndogo ya siku. Jeti kubwa (tundu linalopima petroli) iliyokuwamo ni 168, ya nchi ya chini. Hewa ya Nakuru ikiwa nyepesi, petroli inazidi, na injini inakohoa juu ya mizunguko bila kupanda. Naweka 160. Mzunguko wa kwanza ni wa kupasha maji moto hadi nyuzi 50 na ushee. Chini ya 45 sikubali ikanyagwe. Kisha moto wote kwenye mnyooko, zima, sukuma pembeni, toa plagi. Bado nyeusi. 158: inapanda vizuri. 156: inapanda safi mpaka mwisho, plagi kahawia iliyofifia. Anataka 154. Nakataa, narudisha 158, kwa sababu jioni hewa inapoa na kuwa nzito, petroli isiyotosha inaunguza pistoni, na pistoni haitoi onyo mara mbili. Kwa nguvu iliyopungua namwongezea meno mawili nyuma, 84, itoke kwenye kona haraka zaidi.

Anaendesha mpaka giza. Mbele bado inateleza kidogo kwenye kona za kulia, ambako kiraka cha kushoto kinakataa kujipinda. Nimempunguzia kwa kupanua mbele milimita 10 kila upande, lakini dawa yake ni kuchomelea upya.

Tunafunga gokati kwenye pikapu saa mbili usiku. Mgongo hauinami tena. Analipa kwa M-Pesa, ananiita fundi kwa sauti tofauti na ya asubuhi, na kuuliza kama anaweza kuileta fremu mwezi ujao. Nampa jeti tatu kwenye bahasha: 158, 160, 162. Kisumu iko kama mita 1,130, hewa ni nzito kuliko ya huku, kwa hiyo aanze na 162 na ashuke moja moja akisoma plagi kila mara, asianze na ya leo. Cheni mpya ailegezee motor na kuikaza upya baada ya dakika 20 za kwanza, kwa kuwa cheni mpya hurefuka haraka. Nati za habu zikazwe siku hiyohiyo.