Kurudi Lamu kwa Gari la Kulala, Nyumba kwa Nyumba

Kwa miaka 12 nilikuwa nikitoka Nairobi kwenda Lamu kwa basi, na kila safari niliwapita jamaa zangu wa Voi, Mombasa, Kilifi na Malindi nikiwa nyuma ya kioo, kisha nikawapigia simu kuwaambia kwamba nimepita salama. Shangazi yangu wa Kilifi alifariki katika mwaka ambao nilikuwa nimempita mara nne bila kushuka. Baada ya matanga nilimwambia mke wangu kwamba safari ijayo hatutapita mlango wa mtu, na kwa kuwa sisi ni watu watano na nyumba za jamaa ni ndogo, tulihitaji gari ambalo tungeweza kulala ndani yake.

Nilinunua Toyota HiAce iliyokuwa matatu ya abiria 14. Tuliacha viti vya kututosha, vyote vyenye mikanda, na nyuma tukawekewa kitanda cha mbao chenye nafasi ya mizigo chini yake, jiko la gesi la mtungi wa kilo 6, betri ya pili, na paneli ya sola juu ya paa ya kuwasha taa na feni. Jambo lililonipa kazi zaidi lilikuwa joto, kwa sababu bati la gari linaloegeshwa juani pwani huendelea kupika hata baada ya magharibi. Tulitandika sponji nene chini ya paa na kuifunika kwa mbao nyembamba, tukafungua madirisha mawili mapya na kuyawamba wavu wa mbu, na tangu hapo nikajiwekea sharti la kuegesha chini ya mwembe au mwarobaini popote unapopatikana.

Kosa letu kubwa lilikuwa uzito. Fundi wa kwanza alifunga tangi la maji upande mmoja wa nyuma, nami sikuliangalia kwa makini, na tulipokaribia Mtito Andei, takriban nusu ya njia ya kwenda Mombasa, jani la springi likakatika. Tulipoteza siku nzima hapo. Tulipotengenezewa, niliyagawa maji katika madumu madogo pande zote mbili, nikahamisha vitu vizito mbele ya ekseli ya nyuma, na gari halikuinama tena mpaka mwisho. Anayetaka kulijenga gari la namna hii ningemsihi alijaze maji na mizigo yote kwanza, kisha aliendeshe siku mbili karibu na nyumbani kwake kabla ya kushika njia.

Voi tulikaa kwa rafiki niliyesoma naye, na hapo hapakuwa na tatizo lolote, kwani alitupa uwanja wake na ufunguo wa choo. Mombasa ndipo nilipojifunza. Shangazi yangu mkubwa, anayeishi Mji wa Kale ambako gari letu halingepita vichochoroni, aliposikia kwamba tunakusudia kula kwake kisha twende kulala garini upande wa Nyali, alinyamaza kwa muda, halafu akasema, "Mwanangu, nyumba hii haijawahi kumlaza mgeni nje." Nilikuwa nimedhani kwamba ninampunguzia taabu, kumbe nilikuwa ninamnyima haki yake. Usiku ule mke wangu na mabinti walilala chumbani kwake, mimi na mwanangu wa kiume tukalala garini, na kuanzia hapo hilo likawa ndilo agano letu kila tulipofikia: baadhi yetu hulala ndani, chakula huliwa ndani, na gari hubaki kuwa chumba cha ziada tu. Tulikuwa tumebeba viazi na majani ya chai kutoka bara, nasi tulivitoa mapema kabla ya chakula, ili vipikwe pamoja na vya mwenyeji.

Kilifi tulisimama makaburini, tukasoma Fatiha, kisha tukaendelea.

Malindi tulikaa siku tatu kwa ami yangu, mvuvi wa zamani, ambaye kila jioni baada ya alasiri alikuja kuketi mlangoni mwa gari na buli la kahawa chungu kuwasimulia watoto kuhusu safari za jahazi, na siku ya pili akawachukua hadi kwenye nguzo ya Vasco da Gama ili awaonyeshe mahali ambapo Mreno huyo alipokelewa mwaka 1498 na kupewa rubani wa kumvusha hadi India. Ni huyo ami aliyenipangia sehemu iliyobaki, ya kilomita 220 hivi hadi Mokowe, gati la bara la kuvukia Lamu. Aliniambia nijaze mafuta Malindi, nivuke daraja la Sabaki alfajiri, niulize hali ya Mto Tana kabla ya kufika Garsen kwa kuwa mvua za bara huufurisha hadi maji yakafunika njia, na nisiendeshe usiku kwa vyovyote. Nilimtii kwa kila neno. Kutoka Minjila tuliungana na magari mengine yaliyosindikizwa na polisi, tukapita Witu na Hindi mchana kweupe, na adhuhuri tukaliona gati la Mokowe.

Hapo gari hukomea, kwa kuwa mji wa Lamu hauna njia za magari, na mizigo hubebwa kwa punda, kwa mikokoteni ya mkono au kwa boti. Nilikubaliana malipo na familia moja ya Mokowe yenye ua wenye lango, nikachomoa betri, tukavuka kwa boti hadi Lamu.

Mama alikuwa amesikia habari za gari hilo kwa simu kwa muda wa wiki tatu, na swali lake la kwanza baada ya kutukumbatia lilikuwa ni lini ataliona. Alikuwa hajavuka kwenda bara kwa miaka mingi kwa sababu ya magoti yake. Siku ya nne tulimshika mikono akashuka ngazi za gati, na kule Mokowe akaketi juu ya kitanda, akakagua mapazia, akaagiza mlango uachwe wazi upepo uingie, na mke wangu akampikia chai humo humo. Alipomaliza kikombe aliuliza kutoka hapo hadi Hindi ni mbali kiasi gani, maana binamu yake yuko huko na walikuwa hawajaonana kwa miaka sita. Nikairudisha betri mahali pake, tukampeleka.