Taa ya nane

Taa saba zilikuwa zikihesabu vizuri. Ya nane ndiyo iliyoninyima usingizi.

Nina duka la kutengeneza simu hapa Amu, mtaa wa Langoni. Nikishafunga baada ya Isha, hutoa kopo langu la chipu za zamani. Niipendayo kuliko zote ni Z80, prosesa, yaani ubongo wa kompyuta za zamani. Ina miguu arobaini, ishirini kila upande, unaihesabu kwa kidole. Prosesa za simu ninazozifungua mchana, bila darubini huoni kitu. Federico Faggin, Mtaliano aliyeongoza usanifu wa prosesa ya Intel 4004 iliyotoka 1971, aliondoka Intel akaanzisha kampuni ya Zilog na mwenzake, na Z80 ikatoka 1976. Mwaka 2024 Zilog wakatangaza kwamba wanafunga oda za Z80. Niliposoma habari hiyo niliagiza tano siku ile ile, aina ya Z84C00. Zikaja kwa basi hadi Mokowe, zikavuka kwa boti. Nilizizungushia foili nikazitia kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana, maana hewa yetu ya chumvi hugeuza miguu ya chipu kuwa kijani.

Jaribio la kwanza la Z80 ni hili. Miguu minane ya data unaiunga na hasi kupitia rezista, ili kila prosesa inaposoma, isome sufuri. Kwa Z80 sufuri ni amri: usifanye kitu, nenda mbele. Basi itakwenda mbele, anwani baada ya anwani, yaani namba za nafasi za kumbukumbu, hadi 65,535, kisha inaanza tena. Mimi niliweka taa za LED kwenye miguu minane ya mwanzo ya anwani, A0 hadi A7, na chipu ya 555 ikitoa mapigo ishirini kwa sekunde. Taa ya kwanza ni moja, ya pili mbili, ya tatu nne, hivyo hivyo hadi ya nane, 128. Kila amri hula mapigo manne. Unakaa unaitazama ikihesabu.

Baada ya kama nusu dakika ikafika 128. Taa ya nane ikawaka, ikazima, ikawaka, ikazima, haitulii. Nikabadilisha waya. Nikasafisha miguu. Nikatia chipu nyingine, mambo yale yale. Usiku wa pili nikafungua tena maelezo ya Zilog, safari hii nikasoma mchoro wa mapigo polepole, na jibu lilikuwa pale.

Kumbukumbu za DRAM za zama zile zilisahau zisipoguswa kila mara. Faggin na wenzake wakaipa Z80 kazi ya kuzigusa yenyewe: katika mapigo mawili ya mwisho ya kusoma amri, inaweka kwenye miguu ya anwani hesabu ya rejista iitwayo R, kijisanduku cha namba ndani ya prosesa. Rejista hiyo huhesabu kwa biti saba tu, hadi 127. Kwa hiyo taa saba zinaonyesha namba ile ile mara mbili, na ya nane inazimwa kila R inapopita. Haikuwa mbovu. Nilikuwa naiona prosesa ikiamsha kumbukumbu ambazo sikuziweka!

Ubao wangu wa pili una kumbukumbu kamili ya KB 64, na ndani yake inakwenda CP/M 2.2, mfumo endeshi wa zamani. Mwandishi wake, Gary Kildall, aliianza mwaka 1974 kwa ajili ya prosesa ya Intel 8080, na Z80 inazielewa amri za 8080. Uzuri wake ni kwamba yote yanayohusu mashine yenyewe aliyatenga katika sehemu moja, BIOS. Nimeiandika hiyo peke yake: kusoma kibodi, kutoa herufi, kusoma na kuandika diski vipande vya baiti 128. Mengine ni yake Kildall, sikuyagusa. Ilipotokea A>, alama ya kungoja amri, kwenye skrini niliandika DIR, amri ya kuorodhesha faili, na majina ya faili yakashuka.

Jana mtoto wa ndugu yangu alikuja dukani, akaukuta ule ubao wa taa unawaka.

"Ami, hii ya mwisho mbona yapepesa?"

Nikamvutia kiti, nikabonyeza riseti, tukaanza kuhesabu pamoja kutoka sufuri.