Fundo la baba

"Babu, tunampungia wapi?"

Mjukuu wangu aliniuliza hivyo juzi pale JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi. Mama yake alikuwa ameshapita ukaguzi, sisi tumebaki nje tukitazama mlango. Sikuwa na la kumwonyesha. Upepo ukageuka, ukaleta harufu ya mafuta ya ndege, ile inayokaribia ya mafuta ya taa, na papo hapo nikamwona baba ndani ya ovaroli yake.

Embakasi ya zamani, yaani jengo la kwanza la abiria la uwanja huo huo, ng'ambo ya njia ya kurukia, ilikuwa na roshani ya kupungia. Watu walitoka kanisani wakaenda kutazama ndege tu. Kiwanja kilifunguliwa 1958, na baba alikuwa fundi wa East African Airways, shirika la ndege la pamoja la Kenya, Uganda na Tanzania. Ndege ya moyo wake ilikuwa Super VC10: injini nne, zote mkiani, na nguvu za kuinuka katika hewa nyepesi ya Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Alisema imetengenezwa kwa ajili yetu, na hakukosea sana. Viwanja vya joto na vya miinuko ndivyo waliovifikiria walioibuni.

Ikaja Januari 1977. Serikali tatu zilikuwa zimeshindwa kuelewana juu ya fedha, na ndege zikasimama. Nilikuwa na miaka tisa. Baba akanishika mkono, akanipeleka kazini kwake kwa mara ya kwanza.

Ndege ilikuwa imeegeshwa peke yake juani. Baba alipanda ngazi akiwa na vifuniko vyekundu vya injini, mimi nikaambiwa nishikilie ngazi chini. Kila kifuniko kilikuwa na kamba. Alifunga fundo, akalivuta, akalifungua, akalifunga upya. Kidole gumba chake kilikuwa na ufa mweusi wa grisi usiotoka hata kwa sabuni ya kipande.

"Baba, nani atavifungua?"

"Fundi."

"Fundi gani?"

Akashuka, akapangusa mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Fundi yeyote. Ndiyo maana nimefunga fundo ambalo kila mtu analijua."

Kisha akaweka kiganja kwenye tumbo la ndege, kama anayemtuliza ng'ombe kabla ya kumkamua. Akakaa hivyo. Bati lilikuwa la moto, lakini hakuutoa mkono.

Mengine yalikwenda mbio. Kenya Airways ilianzishwa Januari hiyo hiyo, tarehe 22, ikaanza kuruka Februari kwa Boeing 707 za kukodi, na baba akaitwa kazini. Mwaka 1978 abiria wakahamia jengo jipya. VC10 zetu zilirudi Uingereza, zikageuzwa za kuongezea ndege za kijeshi mafuta angani, na za mwisho zikastaafu 2013. Baba hakuishi kuyasikia hayo. Sijui kama yangemfurahisha au yangemuumiza. Nimelifikiria mara nyingi.

Ninalolijua ni kwamba uwanja usio na pa kupungia umepungukiwa na kitu.

Juzi tulisimama kando ya gari, mimi na mtoto, hadi ndege moja ikapita juu yetu. Hatukuwa na hakika kama ni ya mama yake.

Tukaipungia.