Udi wa Kijapani, Udi wa Kihindi na Chetezo cha Ngamiani

Nilikwenda Tanga kwa ajili ya harusi ya rafiki yangu wa kazini, na kwa haki ningepaswa kusimulia harusi. Lakini pilau na ngoma za Watanga vimekwisha kusifiwa na watu wanaovijua kuliko mimi niliyezaliwa Songea, ilhali jambo lililonishika tangu nilipofika hadi nilipoondoka lilikuwa moshi: moshi wa vijiti vya Kijapani nilivyobeba mkobani, moshi wa vijiti vya Kihindi vilivyojaa katika maduka ya mji ule, na moshi wa chetezo cha bibi yake bwana harusi, ambaye hakuwa tayari kuviheshimu vijiti vya aina yoyote.

Vijiti vya Kijapani alinipa dada yangu aliporudi kutoka masomoni Osaka. Kasha kubwa lilikuwa la vijiti vya sandali viitwavyo Kobunboku, utengenezaji wa kampuni ya Baieido iliyoanzishwa mwaka 1657 katika mji wa Sakai, jirani na Osaka. Kasha dogo lilikuwa na vijiti vyembamba vilivyotengenezwa kwa mti wa udi, na hivyo dada alinikanya nisivichome ovyo, akanitajia bei ambayo kwa kijiti kimoja tu ningeweza kula chakula cha mchana na kubakiza chenji. Nilivichukua kwa sababu nilitaka kuvilinganisha na vya Kihindi mahali ambapo watu wanajua kufukiza, si katika chumba changu cha Dar es Salaam ambamo harufu ya samaki wa jirani hushinda kila kitu.

Kuhusu basi nitasema machache: kiti changu hakikulala, kiyoyozi kilizimwa Chalinze kwa maelezo kwamba kinakula mafuta, na chakula pale tuliposimama Segera kiliuzwa kwa bei ya watu wasioweza kwenda kwingine. Muheza nilinunua machungwa, nayo yalikuwa matamu.

Nyumba ya wageni niliyofikia, upande wa Raskazone, ilinitoza shilingi 50,000 kwa usiku. Kwa fedha hiyo nilipewa feni iliyokuwa ikilalamika, chandarua chenye tundu la kupitisha kunguru, na godoro lililokuwa na unyevu wa masika ya miaka mingi. Hapo ndipo nilipowasha kijiti cha kwanza cha Kobunboku. Kijiti cha Kijapani cha kawaida hakina mwanzi ndani. Ni unga wa miti na viungo uliokandwa kwa maji pamoja na unga wa gome la mti uitwao tabunoki, ambalo hunata likilowa, kisha donge hilo husukumwa katika matundu membamba likatoka kama tambi, likakatwa na kukaushwa taratibu. Kwa hiyo kinateketea chote, hakibakizi shina, na wala hakina pa kukichomeka isipokuwa katika majivu au mchanga. Mimi nilikichomeka katika kikombe nilichojaza mchanga wa ufukweni.

Ilinichukua muda kuamini kwamba kinafukiza. Moshi ulikuwa uzi mwembamba, na feni ilipozunguka sikusikia kitu. Nilipoizima feni na kufunga madirisha, na jasho likaanza kunitoka, sandali ikaja, mbichi na kavu kwa pamoja, nyuma yake mdalasini, kisha karafuu, na mwishoni ubaridi kidogo wa kafuri. Sikuona hata chembe ya utamu wa marashi. Karafuu ilinishangaza zaidi, kwa kuwa Pemba ipo ng'ambo tu ya maji yale niliyokuwa nikiyaona dirishani, na mimi nilikuwa nikiinusa kutoka katika kasha lililotengenezwa Sakai. Kijiti kilikwisha kabla ya nusu saa. Wajapani walikitumia kama saa: katika mahekalu ya Zen, madhehebu ya Kibudha, muda wa kuketi kimya ulipimwa kwa kuteketea kwa kijiti, na geisha walilipwa kwa hesabu ya vijiti vilivyokwisha wakati wakiwatumbuiza wageni. Dereva wa bajaji aliyenisubiri siku iliyofuata na kunidai fedha za kunisubiri ningempenda zaidi kama angetumia saa hiyo.

Duka nililoingia kutafuta udi wa Kihindi lipo katikati ya mji, katika mitaa ile ya majumba ya zamani yenye nguzo na ghorofa za mbao. Muuzaji, kijana mwenye maneno mengi, aliponisikia nikitaja Japani alitoa juu ya rafu kasha lenye picha ya maua ya waridi na maandishi ya kukoroga.

“Huu ndio wenyewe, kaka. Mzigo wa Japani. Mji mzima hauupati.”

“Bei gani?”

“Kwa wengine elfu kumi na tano. Wewe mgeni, nipe elfu kumi na mbili.”

Nililipa, nikatoka barazani, nikafungua. Ndani mlikuwa na vijiti vya mwanzi vilivyopakwa rangi nyekundu chini, vyeusi juu, vikinuka kama sabuni ya hotelini. Nilirudi ndani nikamwambia kwamba kijiti hiki kina mwanzi, na kwamba mwanzi ni kazi ya India. Alinitazama kwa huruma. “Kaka, Wajapani nao wana mianzi. Hujaona kwenye televisheni?” Mzee mmoja aliyekuwa ananunua sukari alicheka hata akakohoa. Tulibishana kwa muda mrefu, watu wakaongezeka mlangoni, na kila nilipotaja tabunoki nilizidi kuonekana mtu wa mambo yangu. Mwisho alikataa katakata kurudisha fedha kwa kuwa kasha limekwisha kufunguliwa, lakini akanipa juu yake pakiti mbili za vijiti vya Kihindi viitwavyo Nag Champa, zile za bluu na nyeupe za chapa ya Satya kutoka Bengaluru, India, ambazo kwa kawaida anaziuza shilingi 2,000 kila moja. Kwa hiyo niliibiwa elfu nane badala ya elfu kumi na mbili, na nilichokuwa nakitafuta nikakipata.

Jioni rafiki yangu alinipeleka Ngamiani, katika moja ya zile barabara zinazoitwa kwa namba, nyumbani kwa bibi yake. Wanawake walikuwa uani wakichambua mchele wa kesho yake.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyebeba udi wa Wajapani? Mjukuu wangu amenambia. Keti hapo, tuuone.”

Alianza na Nag Champa, akisema huo anaufahamu na mtu huanza na anachokifahamu. Alichomoa kijiti, akakibinya kwa vidole, akanionyesha kwamba ni laini na kinanata. Nikamweleza niliyoyajua: kwamba katika mchanganyiko wake wa asili hutiwa halmaddi, utomvu wa mti wa Ailanthus, ambao hunyonya unyevu wa hewa na ndio unaokifanya kijiti kisikauke, kwamba India vipo vya aina mbili kubwa, vile vya masala ambavyo unga wa viungo na utomvu huviringishwa juu ya mwanzi, na vile vya rahisi vya unga wa mkaa na gome la kunata ambavyo huchovywa katika mafuta ya manukato, na kwamba huko Mysore na Bengaluru kazi ya kuviringisha imefanywa kwa miaka mingi na wanawake majumbani mwao. Bibi alisikiliza hili la wanawake kwa makini kuliko mengine, akauliza wanalipwaje. Nikamwambia hulipwa kwa hesabu ya vijiti, na si nyingi. “Nilijua,” akasema.

Kilipowashwa, ua mzima ulijaa. Hapa lazima nikiri upendeleo wangu: mimi ni mtu wa Nag Champa. Ina utamu wa maua na sandali, ina uzito, na inamfikia mtu aliye mlango wa pili bila kumwomba ruhusa. Katika nyumba ya pwani ambayo madirisha hayafungwi na upepo wa baharini unapita kutwa, udi usio na nguvu ni fedha iliyotupwa. Tulipowasha Kobunboku pale pale uani, hakuna aliyeusikia isipokuwa bibi, na yeye aliusikia kwa kuuinamia. Lakini baada ya Nag Champa kuteketea kwa dakika nyingi niliona kwa nini bibi hakuviheshimu vijiti: chini ya ule utamu ipo harufu ya mwanzi ulioungua, na mwishoni hiyo ndiyo inayobaki kooni. Vile vijiti vya elfu kumi na mbili vilikuwa na mwanzi na sabuni tu, na shangazi mmoja aliviondoa uani mwenyewe.

Bibi akaamua kwamba mashindano ya uani si ya haki. Tukaingia chumbani, tukafunga. Humo mambo yaligeuka. Nag Champa ikawa kelele, macho yakatuwasha, tukaitoa. Kobunboku ikatulia katika chumba kama kwamba ilikuwa humo tangu zamani, na bibi akakaa kimya muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Kimya kile kilinirudisha Songea. Sisi kwetu hatufukizi nyumba. Harufu ya aina hii niliijua kanisani, ubani ukimwagwa juu ya mkaa siku ya Pasaka, padri akizungusha chetezo na sisi watoto tukishindana kukaa upande unaopata moshi. Nyumbani harufu ilikuwa ya kuni za mringa na mahindi ya kuchoma, na mama angemshangaa mtu anayenunua moshi dukani. Pwani nimejifunza kwamba harufu ni sehemu ya adabu: nguo hufukizwa, nywele hufukizwa, mgeni huagwa akiwa ananukia, na nyumba isiyonukia siku ya furaha huzungumzwa mtaani.

“Sasa toa ule uliokatazwa,” bibi akasema.

Nilitoa kijiti kimoja cha udi. Nikamsimulia, kwa kuwa nilitaka akiheshimu, kwamba Wajapani wameandika katika kumbukumbu zao kwamba gogo la udi lilisukumwa na bahari hadi kisiwa cha Awaji mwaka 595, wakazi wakalitia motoni kama kuni, wakashtuka kwa harufu, wakalipeleka kwa mtawala. Na kwamba Awaji hadi leo ndicho kisiwa kinachotengeneza vijiti vingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya Japani. Nikamwambia pia habari ya gogo liitwalo Ranjatai lililohifadhiwa katika hazina ya Shosoin huko Nara, lenye urefu wa mita 1.56 na uzito wa kilo 11.6, ambalo mbabe wa vita Oda Nobunaga alikata kipande chake mwaka 1574, na mfalme Meiji akakata chake mwaka 1877.

“Kilo kumi na moja! Na hakuna anayeuchoma?”

“Hakuna, bibi. Unatunzwa.”

“Basi huo si udi, mwanangu. Hiyo ni amana.”

Kisha akafanya jambo lililonitoa roho. Akakishika kile kijiti cha bei ya mlo wangu, akakivunja vipande vidogo vidogo, akaita aletewe chetezo. Mkaa ulipokuja ukiwa mwekundu, hakuviweka juu yake. Aliufunika kwanza kwa majivu, akasubiri, akapitisha kiganja juu kupima joto, ndipo akavilaza vile vipande juu ya majivu. Moshi haukuonekana. Ilikuja harufu tupu: ya ngozi, ya asali chungu, ya mti uliokaa muda mrefu majini. Sikuwa nimewahi kuisikia kutoka katika kijiti chochote nilichowasha kwa kiberiti.

Nilibaki kinywa wazi kwa sababu hivyo ndivyo wafanyavyo mabingwa wa Japani katika sanaa yao ya kufukiza: huzika mkaa katika majivu meupe, huweka juu yake kibamba cha ulanga, madini yasiyoshika moto, na juu ya ulanga kichembe cha udi, ili upate joto bila kuungua. Bibi hakuwa amesikia habari zao. Alisema mama yake alimfundisha kwamba udi ukiguswa na moto unakasirika.

Tulipomaliza alifungua kikopo chake mwenyewe, akatoa kipande cha mti kisichozidi ukucha, akanieleza kwamba zamani tola moja, kipimo kidogo cha uzito, ilimtosha msimu mzima wa harusi na siku hizi anunuliapo tola huulizwa kama ana uhakika. Nikamweleza sababu. Mti wa Aquilaria, ambao ndio utoao udi, ukiwa mzima haunuki. Hutoa utomvu wake mweusi ukijeruhiwa na kuingiwa na kuvu, kwa hiyo watu walikata mingi wakiutafuta ule mmoja wenye kitu ndani, hadi biashara yake ikawekewa masharti ya kimataifa. Akajibu kwamba wauzaji wa Tanga hupandisha bei hata pasipo masharti.

Kabla sijaondoka alifukiza vitambaa vitatu na kuvifungia kabatini. Harusi ilipopita, kwa heri na kwa kelele, tulivitoa. Cha Nag Champa kilinukia bado, ila kwa namna ya nguo iliyotoka dukani. Cha Kobunboku kilikuwa karibu kimesahau. Cha udi wa chetezo hakikupungua kitu. Bibi akagawa kazi hapo hapo: wa Kihindi ukae ukumbini na msalani, ambako unahitajika; sandali ya Kijapani ibaki chumbani kwake, baada ya sala ya isha, dirisha likiwa limefungwa; nguo ziendelee na chetezo.

Kuhusu vijiti vya udi alitoa agizo. Kwa bei ile, dada yangu aache kuleta vijiti na alete vipande vya mti. Nilimpigia dada simu nikiwa ndani ya basi la kurudi, kiti kikiwa hakilali vilevile, akaniambia kwamba Japani vipande vizuri huuzwa kwa gramu na vinazidi vijiti kwa bei mara nyingi. Bibi bado sijamwambia.