Sufu Kuliko Almasi: Kutembea Katika Mji wa Kale wa Minecraft

Vijana wanaocheza Minecraft hapa Kisumu wakishajua kwamba mimi hushuka mara kwa mara katika Deep Dark, lile eneo la giza lililo chini kabisa ya dunia ya mchezo huo, swali lao la kwanza huwa ni upanga upi unaofaa kubebwa huko. Huwajibu kwamba upanga si hoja, na kwamba kabla ya kushuka wakawatafute kondoo, wawakate manyoya na kuweka akiba ya sufu ya kujaza nafasi kadhaa za mkoba. Wengi hudhani ninawatania. Sitanii hata kidogo. Nimechimba almasi, nimevaa deraya za kila aina, na ninaamini kwa dhati kwamba katika eneo hilo moja hakuna mali inayoishinda sufu kwa thamani.

Minecraft ilitolewa rasmi Novemba 2011 na kampuni ya Mojang ya Stockholm, Uswidi, na kwa miaka mingi mapango yake yalikuwa vichochoro vya mawe ambavyo mchezaji mwenye mienge na subira aliweza kuvimaliza bila hofu kubwa. Mambo yaligeuka Novemba 2021, toleo la 1.18 lilipoiongezea dunia hiyo kina, sakafu ikashuka kutoka kimo cha sifuri hadi hasi 64. Deep Dark ilikuwa imetangazwa tangu Oktoba 2020, lakini watengenezaji waliiahirisha, na ikawafikia wachezaji wote Juni 2022 pamoja na toleo la 1.19. Naona walifanya vyema kutoharakisha, kwa sababu hilo ni eneo ambalo kila kitu ndani yake kimejengwa juu ya sauti, na kazi ya namna hiyo ikifanywa kwa pupa huharibika. Mara nyingi eneo hilo hupatikana chini ya milima, na miji ya kale iliyomo imesimama karibu na kimo cha hasi 51.

Jambo la kwanza analoligundua mgeni ni kwamba hakuna adui. Mifupa yenye pinde, buibui na wale wanaolipuka, ambao humwandama mchezaji katika mapango mengine yote, hawazaliwi humo. Sakafu imetandazwa sculk, kitu cheusi chenye rangi ya samawati kwa mbali na nukta zinazometameta, na katikati ya utando huo kumeota vitu viwili ambavyo ni lazima kuvijua kwa sura. Cha kwanza ni kinasa, chenye vinyweleo vinavyochezacheza juu yake, ambacho hunasa mtetemo wowote ulio ndani ya bloku 8, yaani michemraba 8 ya ile inayoijenga dunia hiyo: hatua ya mguu, sanduku linalofunguliwa, bloku inayowekwa au kuvunjwa, mshale unaotua, hata chakula kinachotafunwa. Cha pili ni kipiga yowe, ambacho hupokea habari kutoka kwa kinasa kisha hutoa ukelele wa kusisimua mwili, na papo hapo macho ya mchezaji hufunikwa na giza linalokuja na kuondoka kama mapigo. Kipiga yowe hakiamshwi na kelele za viumbe wengine, bali na zile alizozisababisha mchezaji mwenyewe. Naipenda sana kanuni hii, kwa maana inamwondolea mtu visingizio vyote.

Mayowe huhesabiwa. Yowe la kwanza, la pili na la tatu ni maonyo, na kila mara sauti ya kitu kikubwa husikika ikiwa karibu zaidi kuliko awali. La nne humtoa ardhini Warden, jitu la Deep Dark. Mchezaji akitulia bila kuamsha yowe lingine, hesabu hupungua kwa moja kila baada ya dakika 10, na ndiyo maana ninasisitiza kwamba mtu aliyekwisha kupigiwa mayowe mawili aondoke, apande juu, apike, alime, kisha arudi baadaye. Wanaocheza wakiwa pamoja wajue pia kwamba walio karibukaribu huhesabiwa kwa pamoja, hivyo kishindo cha mmoja ni deni la wote.

Huyo Warden ana pointi 500 za uhai, ilhali mchezaji ana 20, na hata yule joka wa mwisho wa mchezo ana 200 tu. Katika kiwango cha kawaida cha ugumu, pigo lake moja huondoa pointi 30, yaani humuua mara moja asiyevaa deraya, na aliyevaa deraya bora kuliko zote lakini isiyotiwa uchawi hawezi kustahimili pigo la pili. Mtu akidhani atajificha mahali pa juu na kumrushia mishale, Warden hutoa kifuani wimbi la sauti linalopenya ukuta, ngao na deraya, na kumnyang'anya pointi 10. Baada ya mapambano yote hayo, anayefaulu kumuua hupata bloku moja ya kichocheo cha sculk na pointi 5 za uzoefu. Ninawaomba wasomaji waitafakari zawadi hiyo, kwa sababu watengenezaji hawangeweza kusema kwa uwazi zaidi kwamba kiumbe huyu hakuwekwa pale ili auawe. Hana hazina yoyote anayoishikilia. Yuko pale kama radi ilivyo angani.

Udhaifu wake ni kwamba ni kipofu. Hutegemea masikio, na akikaribia hunusa. Nilipokuwa shule ya upili tulipelekwa Mlima Elgon kuliona pango la Kitum, ambamo ndovu huingia usiku kuchonga kuta kwa pembe ili walambe chumvi, wakipapasa njia kwa mikonga katika giza totoro. Kila nimwonapo Warden akinyoosha kichwa na kunusa hewa, nawakumbuka wanyama wale: mwili mkubwa usiohitaji mwanga hata kidogo, na mgeni mwenye tochi ndiye anayehangaika.

Sasa niseme kuhusu sufu. Mtu anayetembea juu ya bloku ya sufu hatoi mtetemo, hata akikimbia. Mazulia nayo hunyamazisha nyayo, na yana faida ya kuongeza eneo, kwa kuwa sufu 2 hutoa mazulia 3. Ila bloku nzima ya sufu ina uwezo ambao zulia halina: ikiwekwa katikati ya chanzo cha sauti na kinasa, huuzuia mtetemo usipite, na kuiweka kwenyewe hakusikiki. Kwa hiyo kinasa kilichozungushiwa sufu pande zote, na juu, kimezibwa masikio. Asiyepata kondoo anaweza kuunganisha nyuzi 4 za buibui na kupata sufu moja, kazi ya kuchosha lakini inayowezekana.

Mahali ambapo sufu haijafika, nyata. Kunyata hakutoi mtetemo wa hatua, ingawa mwendo hupungua hadi asilimia 30 ya ule wa kawaida, na mikono ya anayecheza kwa simu huchoka. Beba jembe, kwa sababu katika mchezo huu jembe ndilo linaloivunja sculk upesi kuliko chombo kingine chochote, na kipiga yowe kilicho mbali na vinasa kinaweza kung'olewa kabla hakijaleta madhara. Mali ya thamani iache nyumbani. Ukifa, vitu vyako hubaki pale ulipoangukia na hutoweka baada ya dakika 5, na nimewaona watu wakirudi mbio kuokoa deraya, wakafa tena kwa sababu ya mbio zenyewe. Jambo la mwisho ni masikio yako mwenyewe: vaa spika za masikioni. Katika mtaa kama Migosi, ambako mchana kuna honi za bodaboda na redio ya jirani, kelele za nje huficha dalili ambazo mchezo unakupa kwa ukarimu.

Mji wenyewe unastahili kutazamwa taratibu. Ni majengo marefu ya mawe meusi, korido zilizobomoka, na taa za moto wa samawati zinazotoa mwanga hafifu. Aliyeshuka na sufu yake hugundua jambo lililonigusa sana nilipoliona: waliojenga mji walikwisha kutandika sufu na mazulia katika njia zao. Mchezo hausimulii walikuwa nani wala walikwenda wapi, lakini mazulia yale ni ushahidi kwamba waliishi na kiumbe yule, wakamwelewa, na wakajifunza kutembea kama tunavyojifunza sisi. Katikati ya mji kuna fremu kubwa iliyosimama kama mlango usioongoza popote, iliyojengwa kwa jiwe ambalo chombo chochote alicho nacho mchezaji huchukua zaidi ya dakika moja kulivunja, na likivunjika haliachi kitu, na chini yake kumefichwa vyumba vya mitambo ya redstone, madini yanayofanya kazi kama umeme katika mchezo huu. Kwangu mimi, kuisoma historia isiyoandikwa kwa namna hiyo ni raha ambayo vita vyovyote vya upanga haviwezi kunipa.

Likizo ya Aprili nilishuka pamoja na mpwa wangu, kila mmoja kwa simu yake, tukiwa sebuleni kwa kaka yangu. Tulikuwa tumefika chumba chenye sanduku lililoegemea ukuta, na vinasa viwili vilivyoonekana tulikwisha kuvizungushia sufu. Mpwa wangu akafungua sanduku. Nyuma ya ukuta kulikuwa na kinasa cha tatu ambacho hakuna aliyeweza kukiona. Vinyweleo vikawaka, nuru ndogo ikapita sakafuni kuelekea kwenye kipiga yowe, na yowe lile lilikuwa la nne. Ardhi ya korido ikaanza kupasuka. Kwanza ilitoka mikono, kisha kichwa chenye vinyweleo viwili vipana kama vya kinasa, kisha kifua ambacho ndani yake moyo ulionekana ukiwaka na kuzimika. Mapigo yake husikika, na yakienda kasi ujue hasira inapanda.

“Shangazi, tukimbie?” aliniuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba Warden angemsikia hata sebuleni.

“Hapana, baba. Nyata, usiguse kitu kingine.”

Nilikuwa na mipira ya theluji niliyoikusanya mlimani. Kurusha ukiwa unanyata hakusikiki, ila mpira unapotua husikika, kwa hiyo niliurusha mmoja hadi mwisho wa korido ya pili. Warden aligeuka, akaufuata mlio na kuanza kunusa huko. Nilisubiri kabla ya kurusha mwingine upande uleule, maana makombora yanayofuatana upesi humwelekeza kwa mrushaji. Mpwa wangu alipita nyuma yangu juu ya ukanda wa sufu tulioutandika wakati wa kuingia, akageuza kona, kisha akaweka bloku mbili za sufu kuziba mlango baada yangu. Tulikaa kimya nyuma ya ukuta huo laini. Asiposikia wala kunusa lolote kwa sekunde 60, Warden hujizika tena, na ndivyo alivyofanya. Tukaisikia ardhi ikimmeza. Kijana yule, ambaye kwa kawaida hukimbia kila mahali kwenye mchezo na nje ya mchezo, alikuwa ametembea vizuri kuliko mimi, na nilimwambia hivyo.

Ndani ya sanduku lile kulikuwa na kitabu cha uchawi uitwao Swift Sneak, ambao katika mchezo mzima hupatikana tu kwenye masanduku ya miji hii. Ukitiwa kwenye suruali ya deraya kwa kiwango cha 3, mwendo wa kunyata hupanda hadi asilimia 75 ya mwendo wa kawaida. Huu ndio uamuzi wa watengenezaji ninaouthamini kuliko wote, kwamba anayekubali kutembea polepole hutuzwa uwezo wa kutembea polepole kwa ustadi zaidi. Humo pia hupatikana vipande vya mwangwi. 8 kati yake, vikiunganishwa na dira, hutengeneza dira ya pili inayoelekeza mahali mchezaji alipofia mara ya mwisho. Tunayo sasa, nasi tumeiacha kwenye sanduku la nyumbani karibu na kitanda, kwa sababu dira iliyobebwa mkobani huangukia palepale pamoja na vitu vingine.

Tunachokitafuta bado ni vipande vya ile sahani ya muziki iitwayo 5, ambavyo huhitajika 9 ili sahani ikamilike. Tumepata vichache. Mpwa wangu amechora ramani ya mji kwenye daftari la hesabu na kuzitia alama korido ambazo hatujazifikia, nyingi zikiwa upande wa mashariki, na tumekubaliana kwamba Agosti tutaanzia huko.